Mkate wa Kasuku Uokwao Nyumbani

Ndugu mkulima, huenda utacheka ukiona kwamba ukurasa huu wa somo, ambao mwezi hata mwezi hueleza habari za mbolea, ng'ombe na mbegu, leo unaeleza habari za mkate wa ndege. Cheka, lakini usifunue ukurasa mwingine kwanza. Katika mkate huu mdogo mna jambo linalohusu gunia la mahindi lililo ghalani mwako, na jambo hilo si la kuchekesha.

Asubuhi moja mzee wa skimu yetu alifika ofisini akiwa na kikapu kilichofunikwa kwa leso. Aliniambia, "Mwanangu, nipe dawa ya kuku anayetetemeka." Nilipofunua leso sikuona kuku. Niliona kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndege ambaye wengi wetu tulimjua kwanza katika picha za vitabu vya shule. Alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, na mabawa yakimtikisika. Mzee alitoa pia karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni: kibali chake cha kumfuga. Ndege huyo alimrithi kwa kaka yake, aliyekuwa dereva wa malori.

Mimi ni karani tu, si daktari wa mifugo. Kwa hiyo nilimpeleka mzee kwa daktari mara moja. Daktari alimdunga ndege sindano ya chokaa, na kabla ya adhuhuri kasuku alikuwa amesimama tena juu ya ukingo wa kikapu, akimtukana kila mtu aliyepita. Ndipo daktari alipouliza anakula nini. Mzee akajibu kwa fahari, "Anakula kama mfalme! Mbegu za alizeti, njugu karanga za kukaanga, na jioni mkate mweupe uliochovywa ndani ya chai ya maziwa."

Kumbe ufalme huo ndio uliokuwa ukimwua.

Kabla sijawa karani nilisomea ualimu, na huko tulifundishwa kwamba mwanafunzi hashiki jambo asiloelezwa sababu yake. Basi acha nieleze sababu kwanza, ndipo tuwashe jiko.

Mbegu ya alizeti ikitolewa ganda, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Chokaa yake ni kidogo sana, na fosforasi yake ni zaidi ya mara saba ya hiyo chokaa. Fosforasi ikizidi namna hiyo, huzuia hata ile chokaa kidogo isitumike vizuri mwilini. Ndege anayekula alizeti peke yake hunenepa huku damu yake ikipungukiwa na chokaa, na kati ya kasuku wote huyu wa kijivu ndiye anayejulikana zaidi kwa ugonjwa huo. Siku moja anaanguka kutoka kwenye kijiti chake akitetemeka kama mwenye kifafa. Chokaa ninayosema hapa si ile ya kupaka ukuta! Ni yale madini yaliyo katika mifupa, katika maziwa na katika ganda la yai.

Jambo la pili ni vitamini A. Mbegu kavu karibu hazina vitamini hiyo. Ndege asipoipata, ngozi laini ya ndani ya mdomo na pua huharibika. Utaona madoa meupe mdomoni, utamsikia akipiga chafya, na macho yatavimba. Msituni kasuku hapungukiwi, kwa kuwa hula matunda ya aina nyingi, na hasa hupenda matunda mekundu ya mchikichi, yale yanayotoa mafuta ya mawese.

Tena yuko jambo la jua. Mwili hauwezi kutumia chokaa bila vitamini D, na ndege huitengeneza vitamini hiyo kwa mwanga wa jua. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifai, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika. Mtoe nje asubuhi ndani ya tundu lake, na upande mmoja wa tundu uwe na kivuli ili ajikinge akiona joto.

Nikumbushe na sheria kabla sijaendelea. Kasuku wa kijivu ni mnyamapori anayelindwa. Hapa kwetu amebaki wachache mno, katika msitu wa Kakamega, ambao ni ukingo wa makazi yake upande wa mashariki. Tangu mwaka 2017, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa msituni imepigwa marufuku kwa mapatano ya mataifa. Nchini Kenya, kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Somo hili basi ni la mtu ambaye tayari anaye ndege na anayo karatasi yake. Mtu akikujia jioni na kinda ndani ya gunia akakwambia ni rahisi, usinunue.

Sasa tuje kwenye mkate. Faida yake ni kwamba kasuku ni mteuzi kama mtoto. Ukimwekea mboga penye mbegu, atachagua mbegu na kuzitupa mboga chini. Lakini ukiisha kuziponda pamoja na unga na kuzioka, hawezi tena kuchagua. Akiuma mkate ameuma vyote.

Chukua unga wa wimbi kikombe kimoja, na unga wa mahindi yasiyokobolewa kikombe kimoja. Wimbi nimelitaja kwanza kwa makusudi. Katika gramu 100 za wimbi mna chokaa kiasi cha miligramu 340, na katika gramu 100 za mahindi hazifiki hata miligramu 20. Wazee wetu waliowapa wazazi wapya uji wa wimbi hawakuwa na mizani ya kupimia madini, lakini walikuwa na macho.

Ongeza kikombe kimoja cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa. Chagua vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, maana rangi hiyo ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vile vyeupe havisaidii kwa jambo hili. Kama huna, malenge au karoti zitafaa. Kisha sukuma wiki iliyokatwakatwa sana, kikombe kimoja. Usitumie spinachi badala yake, kwa sababu ina asidi inayoifunga chokaa isiingie mwilini. Maharagwe yaliyochemshwa mpaka yakawa laini kabisa, nusu kikombe. Nasema laini kabisa: maharagwe mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu, kwa ndege na kwa watu pia. Halafu kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya mawese, ukiyapata sokoni. Usipoyapata, acha.

Mwisho ni mayai mawili pamoja na maganda yake. Maganda yaoshe, yachemshe kwa dakika 10 ili kuua vijidudu, yaanike mpaka yakauke, kisha uyasage kwa kinu au kwa chupa mpaka yawe kama unga. Ganda moja lina gramu mbili hivi za chokaa, na hiyo yatosha. Usifikiri kwamba ukitia maganda sita utakuwa umefanya vizuri mara tatu. Kwa sababu hiyo hiyo usimlishe kasuku chakula cha kuku wa mayai. Kuku huyo hutaga karibu kila siku na chakula chake kimetiwa chokaa nyingi mno. Kwa kasuku chokaa hiyo huweza kuharibu mafigo.

Hakuna chumvi. Hakuna sukari. Hakuna maziwa, kwa kuwa tumbo la ndege haliwezi kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa. Tumia maji. Hamira pia haihitajiki, na kinyunga kibichi kisiachwe mahali ambapo ndege aweza kukidonoa.

Changanya vyote mpaka rojo iwe nzito kuliko uji lakini laini kuliko ugali. Mwenye jiko la umeme au la gesi lenye tanuri ataoka kwa nyuzi 180 kwa muda wa dakika 35 hadi 40. Wengi wetu hatuna tanuri, na hatulihitaji. Tia mchanga safi mkavu ndani ya sufuria kubwa, kina cha sentimita tatu, uifunike na kuiweka juu ya jiko la makaa. Mchanga ukisha kupata moto, nyunyiza unga kidogo juu ya kifuniko cha mkebe ukiweke ndani. Unga ukigeuka rangi ya kahawia kwa muda wa dakika tano hivi, moto unafaa. Ukiungua mara moja, punguza makaa. Mimina rojo ndani ya sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, kina cha sentimita mbili tu, uiweke juu ya mchanga, ufunike sufuria kubwa, na juu ya kifuniko uweke makaa machache. Choma mkate kwa ncha ya kisu baada ya nusu saa. Kisu kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Ndege awe mbali na jiko wakati wote huo! Mapafu yake si kama yetu. Hewa hupita ndani ya mwili wake wote kwa mifuko midogo, na moshi ambao wewe unakufanya ukohoe tu, yeye waweza kumwangusha. Kuna hatari kubwa zaidi katika zile sufuria nyeusi zisizoshika chakula. Zikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke ambao mtu haunusi, nao humwua ndege kwa muda mfupi. Sufuria ya kawaida ya aluminiamu, ile ya kupikia ugali, ndiyo nzuri.

Hapa sasa nimefika mahali ambapo mimi mwenyewe nilikosea. Yule mzee alipotoka kwa daktari nilimwandikia maelezo haya yote kwenye karatasi, kwa mwandiko wa mwalimu, nikapiga mstari mwekundu chini ya kila kipimo. Niliandika "unga wa mahindi kikombe kimoja" na sikuandika ni mahindi gani. Mzee akaenda nyumbani, akamwambia mkewe kwamba ofisi imeagiza mkate wa ndege, na kwa kuwa ni wa ndege akachukua yale ya chini ya gunia, yaliyoingia unyevu na kufanya kuvu la kijani. Sote twayajua. Katika kila boma yanaitwa mahindi ya kuku.

Yule mama akamzuia. Wiki iliyofuata alifika ofisini mwenyewe, akanionyesha kiganja kimoja cha mahindi hayo. "Mwalimu," akasema, maana mpaka leo wengine huniita hivyo, "wewe umesoma. Kama haya hayatufai sisi, yatamfaaje ndege asiyefika hata nusu kilo?" Sikuwa na jibu, ila kuomba radhi.

Jibu liko katika historia ya ndege wenyewe. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Wataalamu walitafuta sana, mwisho wakakuta kwamba wote walikuwa wamelishwa mashudu ya njugu karanga yaliyotoka Brazil, nayo yalikuwa na kuvu. Kuvu hilo lilitengeneza sumu ambayo leo twaiita sumukuvu. Kwa hiyo ndege ndio waliotufundisha sisi watu kwamba sumu hii ipo. Na hapa nchini mwetu, mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 walipatikana wakiugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa.

Sikiliza vizuri jambo hili: kupika hakuondoi sumukuvu. Ugali hauiondoi, tanuri haliiondoi, kukaanga njugu hakuiondoi. Ukioka mkate kwa mahindi mabaya umepata mkate wenye harufu nzuri na sumu ile ile. Nayo hushambulia ini polepole, hata ndege au mtu akala siku nyingi bila kuona lolote. Tena, mahindi ya kuku hayaishii kwa kuku. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu hupita kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kusaga, mimina mahindi juu ya turubai au ungo na uyachague moja moja. Toa yaliyovunjika, yaliyotobolewa na wadudu, yaliyobadilika rangi na yaliyosinyaa. Sumu nyingi huwa katika hayo machache. Yaliyotolewa yafukiwe, wala yasipewe mnyama yeyote. Fanya vivyo hivyo kwa njugu. Lakini usidhani kwamba punje inayong'aa ni salama daima, kwa sababu sumu haionekani kwa macho. Sheria yetu hairuhusu mahindi ya kuliwa na watu kuwa na sumukuvu zaidi ya sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, na kipimo kidogo hivyo hakipimwi kwa jicho. Dawa ya kweli ni kukausha mapema.

Ukitaka kujua kama mahindi yamekauka, tafuta chupa kavu yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, utikise kwa muda wa dakika moja, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi isiposhika, yaweza kuwekwa ghalani. Gunia lisikae juu ya sakafu wala lisiegemee ukuta. Liweke juu ya mbao. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi maji sehemu 13 na nusu katika 100, na ofisi nyingi za kilimo zina chombo cha kupimia. Uliza.

Turudi kwa kasuku wetu. Mkate ukipoa, ukate vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mkate wenye unyevu hautamaliza siku mbili bila kufanya kuvu, nasi tumekwisha kusema habari za kuvu. Usiye na friji, virudishe vipande hivyo kwenye sufuria ya mchanga juu ya makaa hafifu mpaka vikauke kama biskuti ngumu. Vikisha kupoa kabisa viweke ndani ya mkebe unaofungika vizuri, na oka vichache, vya wiki moja tu. Kasuku hupenda kitu kigumu cha kuguguna, kwa hiyo biskuti hiyo ni chakula chake na mchezo wake.

Asubuhi vipande viwili, jioni kimoja au viwili. Usizidishe. Mkate huu ni kitoweo, hauzidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Chakula chenyewe kiwe mboga za majani, mapapai, karoti, maharagwe yaliyoiva na nafaka iliyochipushwa, au kile cha vidonge kinachotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kasuku kama fedha zinatosha. Alizeti mpe punje chache mkononi, kama peremende ya mtoto. Chakula chenye majimaji kisichokwisha baada ya saa mbili kitupwe.

Yako mambo ambayo hapaswi kuonja hata kidogo. La kwanza ni parachichi, au avokado kama wengi tuiitavyo. Najua wengi katika skimu mmepanda miti hiyo na mnapata fedha nzuri, na tunda lililopondeka haliuziki, basi mtu huona vema kumgawia ndege. Parachichi lina sumu inayoweza kuusimamisha moyo wa ndege kwa muda wa siku moja au mbili. Usimpe tunda, ganda wala jani. Vilevile asipewe chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu, wala ile chai ya jioni, iwe ya maziwa au ya rangi.

Na ukimwona anatetemeka au ameanguka, usimtilie mkate mdomoni wala maji. Mweke ndani ya sanduku lenye giza na joto kidogo, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mkate huzuia upungufu wa chokaa usitokee. Ukisha kutokea, mkate hautibu.

Huenda ndege wako ataukataa mkate siku ya kwanza. Kasuku huogopa kitu kigeni, naye aliyezoea alizeti miaka mingi hawezi kubadilika kwa siku moja. Usimfungie chakula chote ili njaa imlazimishe. Punguza alizeti kidogo kidogo, na kula mkate mwenyewe mbele yake, ukionyesha kwamba ni mtamu. Mzee wetu alifanya hivyo jioni tisa mfululizo, ameketi mbele ya tundu na sahani magotini, huku mkewe akimwuliza kama sasa amekuwa kasuku. Siku ya kumi ndege alinyoosha shingo akaunyakua mkononi mwake. Sasa anayezuiliwa ni mjukuu, asiumalize mkate kabla ndege hajapata wake.